Mpunga Ulioshtuka

Mama mkwe wangu, Wai Jubaida, alizungumza na mpunga kwa upole ambao mimi sikuwahi kuupata hata siku moja. Mpunga aliuita mwanangu, mama yangu, roho yangu. Mimi aliniita "wewe". Chumvi ikipungua: "Wewe, unatupikia wagonjwa?" Chumvi ikizidi: "Wewe, bahari imeingia chunguni?" Nilikaa naye miaka ishirini na mitatu, na watu wakiniuliza alikuwa mtu wa namna gani, nawaambia alikuwa mwanamke wa kawaida. Alifuga kuku, alifuma, aligombana na majirani, alisali. Ila ilikuwepo kazi moja ambayo pale kijijini kwetu Mada Oi haikufanywa na mwingine yeyote, na kazi hiyo ndiyo iliyotumaliza.

Yeye ndiye aliyekuwa akikata suke la kwanza. Kwetu hakuna anayetia kisu shambani kabla mwanamke huyo hajakata masuke saba. Anaamka alfajiri, anaoga, anavaa saruni safi, anakwenda majarubani peke yake. Kisu chenyewe ni kidogo, kinalazwa kiganjani katikati ya vidole ili mpunga usikione. Anakata suke moja moja huku akiuomba radhi. Akimaliza anayafunga masuke yale kwa uzi mweupe, anayabeba mgongoni kwa mbeleko hadi ghalani, na njiani hasemi na mtu. Hapo ndipo nyumba zote thelathini zinapoingia shambani kuvuna. Kazi hiyo aliachiwa na mama mkwe wake, naye hakuwa na mwingine wa kumwachia isipokuwa mimi, jambo lililomuuma sana na hakulificha.

Alizaliwa milimani Donggo. Aliposhushwa kuja kuolewa bondeni alikuwa na miaka kumi na mitano, akatapika njia nzima juu ya farasi wa mahari, mpaka mashemeji wakasema wameuziwa mgonjwa. Alizaa watoto sita akazika watano. Mume alikufa kwa homa. Akabaki na Jamaludi, ambaye alikuja kuwa mume wangu, na baadaye akampata mjukuu, binti yangu Nafisa, na kwa mtoto huyo ulimi wake wote mchungu uliyeyuka. Ukoko wa chungu ulikuwa wa Nafisa, paja la kuku lilikuwa la Nafisa. Nikimkemea mtoto, bibi mtu ananikemea mimi.

Mwaka ninaousema mpunga ulikubali kuliko mwaka wowote niliowahi kuuona. Masuke yaliinama yakagusa maji. Maghala yalikuwa karibu matupu, kama ilivyo kila mwaka kabla ya mavuno, lakini nani angejali? Tulipanga kuanza Alhamisi. Ilikuwa mwishoni mwa mfungo saba, Nafisa ana miaka saba na pengo la meno ya mbele.

Jumatano jioni, tukinoa visu barazani, tukasikia milio ya mizinga. Ilitoka magharibi, mmoja, miwili, kisha mfululizo mpaka vyungu vikagongana. Wanaume wakachukua mikuki. Tulijua ni maharamia, maana miaka ile walikuwa wakipiga pwani zetu na kubeba watu.

"Wakifika huku wamchukue Jubaida kwanza," alisema Ompu Kako, jirani yetu, mzee wa meno mawili na maneno elfu. "Watamrudisha wenyewe, na fidia juu."

"Wewe watakuacha," Mama mkwe akamjibu. "Hawabebi maiti."

Maharamia hawakuja. Asubuhi tuliona wingu jeusi limesimama juu ya Tambora, mlima ambao mpaka siku hiyo tuliujua kwa asali yake na farasi wake tu, na majivu mepesi yalikuwa yametanda juu ya majani kama unga uliopepetwa. Mama mkwe alikuwa ameshaoga. Alikwenda shambani na kisu chake kiganjani. Akarudi upesi kuliko kawaida, mgongoni hana kitu.

"Umeshtuka," akasema.

"Nini kimeshtuka, Mama?" Jamaludi akauliza.

"Mpunga. Ile mizinga imeutoa roho. Nimeushika, umekaa kimya kabisa. Tutangoja siku saba roho irudi."

Kwetu hilo si jambo la kucheka, wala msimcheke. Mpunga ukikatwa umeshtuka hautulii ghalani. Unapika chungu kizima na hakuna anayeshiba. Shangazi yake kule Donggo alikata siku tatu baada ya tetemeko, na kabla ya nusu mwaka ghala likawa jeupe bila mwizi. Hadithi hiyo kila mtu aliijua. Siku saba, basi. Siku saba ni nini?

Lakini Ijumaa watu wa ng'ambo ya mto walianza kukata, maana wao mkata suke wao alikuwa kiziwi na hakusikia mizinga yoyote. Tuliwaona wakipita na miganda kichwani. Jamaludi akakaa mbele ya mama yake, akakunja miguu kama mtoto mwenye ombi.

"Mama, wenzetu wanavuna."

"Wanavuna makapi."

"Masuke yameanza kudondosha punje, Mama. Nimeyaona mwenyewe."

"Zidondoke. Zinazodondoka ni za ndege."

"Na majivu je? Yakizidi?"

"Mvua itaosha. Wewe mwana, nani kakufundisha kula wali? Mimi au mlima?"

Ompu Kako naye alipita kila asubuhi kuchokoza. "Jubaida, mpunga wako bado unatetemeka? Upe maji ya kunywa. Ukandekande." Watu walicheka, lakini hakuna aliyeingia shambani. Ndivyo tulivyokuwa. Mtu mmoja tu angekata, na wengine wote wangekata.

Sasa niseme na langu. Jumamosi mchana Mama mkwe alikuwa amelala. Nilichukua kisu changu nikaenda hadi kwenye tuta la jaruba letu. Mpunga ulikuwa mbele yangu, wa rangi ya dhahabu iliyoingia vumbi, umeiva kupita kiasi. Nilinyoosha mkono. Nyuma yangu nikasikia sauti ya Nafisa, ambaye alikuwa amenifuata bila mimi kujua: "Mama, unaiba?"

Nikarudi nyumbani. Watu wa Mada Oi, wachache waliobaki, humlaumu Jubaida mpaka leo. Siwakatazi, nami namlaumu. Lakini kisu nilikuwa nacho mkononi.

Jumatatu jioni, zikiwa zimebaki siku tatu, mlima ulipasuka. Siwezi kusema vizuri nilichokiona. Moto ulisimama magharibi kwenda juu, nguzo tatu, kisha zikaungana. Yakaanza kunyesha mawe mepesi ya moto, makubwa kama ngumi. Upepo ukaja ukang'oa miembe na farasi waliofungwa chini yake. Halafu yakaja majivu, na mwanga ukaondoka. Jumanne mchana nilinyoosha mkono mbele ya uso wangu nisiuone. Ilikuwa hivyo siku mbili na nusu.

Majivu ni mazito, hasa yakilowa. Jamaludi alipanda juu ya paa kuyasukuma kwa ubao ili nyumba isituangukie. Tulimsikia akikwangua, akipumzika, akikwangua. Mama yake alikuwa akimwita kila baada ya muda: "Jamaludi?" naye anajibu, "Nipo." Mara paa la upande wa jikoni likaporomoka naye akiwa juu yake. Mama mkwe aliendelea kuita. Tulichimba kwa vifuniko vya vyungu, gizani, kwa kupapasa. Tulipomfikia alikuwa ameshapoa.

Mwanga uliporudi hakukuwa na shamba. Kulikuwa na kitu kimoja cha kijivu kutoka mlangoni kwetu hadi mtoni, bila jaruba, bila tuta, bila kujua cha nani kinaishia wapi. Mama mkwe alitembea hadi mahali alipokisia ni petu, akapiga magoti, akachimba kwa mikono. Kina kilimfika begani. Alitoa suke moja. Alilifikicha kiganjani, na zikatoka punje nyeusi zilizopikika na kuoza. Nilingoja aseme neno.

"Tuondoke juani," akasema. Jua lenyewe lilikuwa jekundu, halina hata nguvu ya kumuunguza mtu.

Ng'ambo ya mto maghala yaliangushwa pia, lakini wao walichimba wakaipata miganda yao. Walikula mwezi mzima na zaidi. Tuliisikia harufu ya wali wao ikija na upepo. Tulikwenda kuomba, wakatupa mara mbili, mara ya tatu wakasimama na mikuki, na siwalaumu, walikuwa na watoto.

Sisi tulikula kilichobaki ghalani, kisha chenga, kisha pumba. Tulikula mioyo ya migomba na mashina ya mipapai. Tulikula farasi waliokufa, kisha ngozi zao tukizichemsha. Mto uligeuka uji wa majivu, na kila aliyeunywa tumbo lilimwendesha mpaka damu. Ompu Kako alichimba viazi vya mwituni, vile vyenye sumu ambavyo huloweshwa siku tatu katika maji yanayopita. Maji yanayopita angeyatoa wapi? Aliviosha alivyoweza, akala, akafa na mkewe mchana mmoja. Nilisikitika kumkosa hata yeye na maneno yake.

Watu waliacha kumsalimu Mama mkwe. Mwanamke mmoja aliyezika watoto wawili wiki moja alikuja hadi mlangoni petu, akatema mate miguuni pake, akaondoka. Jubaida akafuta mguu kwa majivu, kisha akaendelea kumchambua Nafisa chawa. Mimi nilikasirika. Namshukuru Mungu alinipa hasira, maana chakula kingine sikuwa nacho.

"Sema, Mama," nikamwambia. "Sema ulikosea. Mara moja tu nisikie."

"Nikisema, mtoto atashiba?"

"Mimi nitashiba!"

Alinitazama, na mara ya kwanza katika maisha yetu hakuniita wewe. "Ramla," akasema, "mwanangu yuko chini ya yale majivu. Unataka nikuambie nini ambacho yeye hajaniambia?"

Sikumsamehe. Kuanzia hapo yeye alikuwa akila nusu ya alichogawiwa, nusu anampa Nafisa, na mimi nilijifanya sioni. Nilitaka mtoto apate. Nilitaka pia yeye afe kabla yangu.

Ramadhani ilipokaribia, tulikuwa tumeshafunga miezi karibu minne. Nafisa alikuwa amevimba miguu na tumbo, nywele zimekuwa nyekundu, na alikuwa ameacha kuomba chakula. Mtoto akiacha kuomba unajua zimebaki siku ngapi. Habari zikaja kwamba bandarini Bima merikebu zinaleta mchele. Tukapiga moyo konde tukaondoka. Mtu mzima anatembea njia ile siku mbili, sisi ilituchukua sita. Tulimbeba kwa zamu, Mama mkwe hatua mia, mimi hatua mia. Kando ya njia walilala watu ambao tuliwadhani wamepumzika, na wengine walikuwa kweli wamepumzika na wakatutazama tukipita.

Bandarini mchele ulikuwepo. Niliuona kwa macho yangu, mweupe, kwenye magunia yaliyofunguliwa midomo makusudi. Lakini sisi hatukuwa na nta wala nguo wala fedha, na aliyekuja mikono mitupu alikuwa na kitu kimoja tu cha kubadilisha. Watu walikuwa wamejipanga. Mtu wa merikebu, mgeni wa kofia nyeusi aliyesema Kimalayu cha kukatakata, alikuwa akifungua midomo yao na kuwabonyeza mabega, kisha anaonyesha upande wa kulia au wa kushoto. Waliokwenda kulia walipewa bakuli la uji hapohapo. Ndugu zao walipimiwa mchele.

Mama mkwe alijisukuma hadi mbele yangu.

"Nichukue mimi," akamwambia. "Najua mpunga. Kupanda, kupalilia, kuvuna, mbegu, kila kitu. Huko kwenu hamna mpunga?"

Mgeni alimwinua kidevu akaona meno, akacheka, si kwa ubaya. "Bibi, wewe utakula kuliko utakavyofanya kazi."

"Sili sana. Muulize huyu."

"Kaa pembeni, bibi."

Nikaenda mimi. Akanusa nguo yangu, akaona miguu yangu ilivyojaa maji. "Huyu anaendesha damu. Ataniulia wote majini." Akanipungia mkono nipite. Kisha akamwona Nafisa mgongoni kwa bibi yake. Akamshusha taratibu, akamfungua mdomo. Meno ya mbele yalikuwa yameanza kuota upya. Sijui ni mifupa gani iliyotoa meno yale.

"Huyu anaweza kupona," akasema. "Huyu ndiyo."

Nilimkumbatia mtoto nikasema hapana. Mgeni akainua mabega na kumwita mwingine. Nilisogea pembeni, nikakaa chini naye mapajani. Alikuwa mwepesi. Nikamgeukia Mama mkwe, na Mungu ni shahidi yangu, nilitaka aseme tungoje. Alikuwa ametumia maisha yake yote kusema tungoje. Kesho huenda akaja mwingine. Kesho huenda sultani akafungua ghala.

"Mpe," akasema.

"Mama."

"Mpe leo, Ramla. Ukingoja kesho utampa nani? Pale wanampa uji. Mtazame mtoto, halafu utazame ule uji."

Nilimtazama mtoto. Nilimpeleka mwenyewe. Bibi yake alimfunga saruni vizuri kiunoni, akamwambia aseme ndiyo kwa kila mtu mpaka atakapokuwa mkubwa. Nafisa hakulia. Alipewa bakuli, akalishika kwa mikono miwili, akaanza kunywa, na alikuwa bado anakunywa walipomwinua kumtia mashuani. Hakugeuka. Alikuwa na chakula, angegeukia nini?

Nikapimiwa mchele, kikapu kimoja. Tulikoka moto palepale ufukoni kwa mbao zilizoletwa na maji. Nilidhani sitaweza kumeza. Niliweza. Tulikula mimi na mama mkwe wangu, tukajaza tena chungu, tukala, wala hatukutazamana.

Siku ya nne, mwandamo wa Ramadhani, iliingia merikebu nyingine, kubwa, ya mchele wa bure uliotumwa na wakubwa wa ng'ambo ya bahari kwa ajili ya wenye njaa. Kila nyumba ilipewa. Sisi pia tulipewa, kwa ajili ya watu wawili.

Mama mkwe aliishi miaka tisa baada ya hapo. Ningependa kusema alikufa kwa majuto, lakini alikufa kwa kikohozi. Tulirudi Mada Oi kwa kuwa hatukuwa na mahali pengine. Mwaka wa sita ndipo ardhi ilipokubali kutoa suke, na wale wachache wakaja kumwomba akate la kwanza, wale wale, pamoja na mwanamke aliyemtemea mate. Alikata. Mimi nilibeba miganda nyuma yake, na yeye hakusema na mpunga neno lolote.

Mabaharia hupita Bima kila mwaka, nami kila mwaka hushuka kuwauliza. Wananisikiliza vizuri, ni watu wa heshima. "Alichukuliwa na merikebu gani, mama?" wananiuliza. "Ilikuwa inakwenda kisiwa gani?" Nawaambia ilikuwa na matanga. Siwezi kuwaambia zaidi. Siku ile hatukumuuliza mtu inakwenda wapi. Tulikuwa tunautazama mchele.